Vérification ya Ndugu Yangu

Katika familia yetu mimi ndiye mtu asiyejua kusema uongo. Siandiki hivyo ili nijisifu. Lilikuwa jambo la kuchekwa. Kikombe kilipovunjika, mama hakuwauliza wengine. Aliniita mimi, na wenzangu walianza kukimbia kabla sijafungua mdomo. Mdogo wangu, yule ambaye habari zake ninaandika hapa, alikuwa akiwaambia wageni wetu: "Mukiwa na siri, musiseme mbele ya yaya, dada yangu mukubwa huyu. Huyu iko radio. Atatangaza hata kama hamujamuuliza."

Ndiyo maana alipokufa kule mjini Beni, wakati wa Ebola, ni mimi niliyetumwa kwenda kutazama uso wake.

Lazima nieleze kwanza habari ya majina, kwa sababu bila hiyo kosa langu halieleweki. Kwetu Wanande, mashariki ya Kongo, mtoto hupewa jina kufuatana na nafasi aliyozaliwa. Mvulana wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, wa tatu lake, na wasichana vivyo hivyo. Ukisimama kwenye barabara kubwa ya mji wetu wa Butembo ukaita jina la mvulana wa pili, wanaume kumi watageuka. Mdogo wangu alikuwa wa pili. Katika maisha ya kila siku hilo halimsumbui mtu. Tunasema yule wa mlimani, yule wa pikipiki, yule wa mama mwenye duka la chumvi. Lakini juu ya mfuko wa maiti hauandikwi mlima wala pikipiki. Linaandikwa jina.

Alikuwa akinunua kakao kule Mbau, kwenye barabara ya Oicha, na kuileta Beni. Homa ilimkamata huko. Akapelekwa kwenye kituo cha matibabu cha Beni, na kwa siku tano tulisikia sauti yake kwa simu, kila siku ikiwa ndogo zaidi. Siku ya sita simu yake ilipokelewa na mtu mwingine. Mimi nilikuwa kwenye mashine yangu. Ninashona sare za shule. Nakumbuka nilimaliza ule mkunjo wa sketi kabla ya kusimama, kana kwamba sketi ingeuliza.

Mama hakulia. Aliketi jikoni, mikono juu ya magoti, na jamaa walipokuja na kuanza kilio aliwanyamazisha.

"Munamulilia nani?" aliwauliza. "Batu banasema ndani ya ile mifuko banaweka mawe. Banasema banabadilisha maiti. Mimi sitalilia mawe. Mutu aende amuone sura, arudi aniambie. Kisha njo nitalia."

Mjomba wangu alisema ataenda yeye.

"Hapana. Weye utaniambia kitu ya kunituliza."

Mjomba wa pili akajitolea.

"Weye pia." Kisha akaninyooshea kidole. "Huyu njo ataenda. Huyu hajue kutuliza mutu."

Watu wakacheka, hata siku ile. Mimi pia nilicheka kidogo. Mama alinivuta karibu na kunikumbusha alama: kovu juu ya nyusi ya kushoto. Hakuwa na haja ya kunikumbusha. Kovu lile ni mimi niliyemtia, tulipokuwa watoto tukipalilia maharage. Jembe langu lilipanda juu wakati yeye ameinama kuokota panzi. Damu ilimjaa usoni, na hata kabla mama hajafika nilikuwa nimekwisha kupiga kelele, "Ni mimi! Ni mimi!"

Jirani yetu, Mwislamu anayesafirisha bidhaa kati ya Butembo na Beni, alikubali kunichukua kwenye gari lake. Njiani tulisimamishwa mara tatu. Mara mbili zilikuwa za kunawa mikono na kupimwa joto. Mara ya tatu ilikuwa kizuizi cha askari. "Vérification! Carte!" Askari alichukua kadi yangu ya uchaguzi, akatazama picha, akanitazama mimi, akatazama picha tena. "Hapa uko munene," akasema. Nikamwambia niko kwenye msiba. Akanitazama mara ya tatu, polepole, kisha akanirudishia kadi kwa mikono miwili. Baadaye nimemfikiria sana askari yule. Hakunijua, wala hakuwa na sababu ya kunijali, lakini alitazama uso wangu mara tatu.

Tulipoendelea nilimwuliza jirani: hii vérification wanayotuitia kila mahali, kwa Kiswahili cha vitabu inaitwaje? Nilikuwa nimeambiwa kwa simu kwamba nakwenda kuifanya.

"Kuhakikisha," alisema. Yeye amesoma madrasa na anapenda kuulizwa. "Inatoka kwa Kiarabu. Mulemule muko haki. Na haki, dada, iko kweli, lakini iko pia kile kitu chenye unapashwa kumupa mutu juu ni yake. Donc unaenda kumupa ndugu yako haki yake. Usiogope."

Kituoni mvua ilikuwa imenyesha. Tuliwekwa upande mmoja wa uzio wa plastiki ya rangi ya machungwa, familia kadhaa, kila moja ikingoja kuitwa. Mtu wa timu ya mazishi alikuja upande wa pili, amevaa nguo nyeupe mwili mzima, macho tu ndiyo yaliyoonekana nyuma ya miwani. Alinisalimu kwa Kinande. Sauti yake ilikuwa ya kijana.

"Mama, mufuko uko na plastiki ya kuonea ndani, upande wa kichwa. Tutaondosha kitambaa chenye kinaifunika. Unaangalia sura, kisha unasema njo yeye ao haiko yeye. Njo vérification. Mbele ya ile hatuwezi kuzika."

"Na kama sitajua?"

"Utajua, mama. Si ndugu yako?"

Wakauleta mfuko, wakauweka hatua nne hivi kutoka kwangu. Niliona jina lake limeandikwa kwa kalamu nene kwenye karatasi iliyolowa. Niliona mabuti ya yule kijana, mabuti meupe ya mpira, yenye matope mekundu mpaka kwenye kifundo. Nikayatazama mabuti. Nilisikia wakiondoa kitambaa. Nikafumba macho.

Nimetafuta sababu kwa miaka, na sababu nzuri sijaipata. Sikuwa nimezimia. Sikuwa natetemeka. Niliogopa kuliona lile kovu, basi. Nilisimama pale na macho yamefungwa, kama mtoto anayedhani asipoona na yeye haonekani, na nyuma yangu familia nyingine ilikuwa inangoja zamu.

"Mama, umeona?"

"Njo yeye."

"Uko sûre?"

"Njo yeye," nikasema tena, na nilipofumbua macho kitambaa kilikuwa kimekwisha kurudishwa.

"Courage, mama," kijana alisema. Akaniletea fomu kwenye ubao, nikatia sahihi. Nina mwandiko mzuri. Nilisaini vizuri.

Kwetu mtu anazikwa nyumbani, karibu na migomba ya baba yake, mahali ambapo mama anaweza kupita kila siku na jembe lake. Lakini haikuruhusiwa kumpeleka Butembo. Tulimzika hukohuko Beni, upande wa mtaa wa Ruwenzori, mimi na jirani tukisimama mbali kama tulivyoagizwa. Wakati wa kurudi jirani aliniuliza, "Umemupa haki yake, dada?" Nikasema ndiyo. Alizima redio ya gari kwa heshima, na tukaenda hivyo mpaka Butembo.

Mama alikuwa bado ameketi palepale jikoni. Nyumba ilikuwa imejaa watu.

"Ulimuona?"

"Nilimuona, mama."

"Sura ilikuwa aje?"

"Kama mutu mwenye kulala."

"Na alama?"

Hapo bado ningeweza kurudi nyuma. Mlango ulikuwa wazi. Nikasema, "Iko. Nimeiona."

Mama akainama, akafunika uso kwa kitenge, na sauti iliyomtoka sikuwahi kuisikia kabla wala baadaye. Wanawake wakamshika. Matanga yakaanza kwelikweli. Na tangu siku ile, kila mgeni aliyekuja kutupa pole, mama alimweleza maneno yaleyale: "Alikuwa kama mutu mwenye kulala. Na kovu yake ilikuwa pale. Binti yangu alimuona, na huyu hasemake bongo, hajue uongo." Wageni walinigeukia na kutikisa kichwa kwa kukubali. Nami niliinamisha kichwa changu, na wakadhani ni huzuni.

Tulipopanga vitu vyake nilikuta kamusi yake ya Kifaransa. Yeye alifika mwaka wa tano wa sekondari; mimi niliishia wa pili. Jalada la kamusi ile nilimshonea mimi mwenyewe kwa mabaki ya kitambaa cha sare. Nilingoja nibaki peke yangu, nikatafuta lile neno. Ilinichukua muda, kidole kikishuka kwenye herufi. Paliandikwa asili yake ni Kilatini: verus, kweli, facere, kufanya. Hilo la kwanza nililitambua, maana wazee wa kwaya yetu huliimba katika Nasadiki ya Kilatini. Kwa hiyo ni kufanya jambo liwe kweli. Niliketi kitandani kwake nikiwa nimeweka kidole pale. Nilikuwa nimejiambia kwamba sikufanya kitu, kwamba kosa langu lilikuwa la kutofanya. Kumbe kwa wale watu wa kituo, kwa fomu ile, kwa kaburi, kwa mama, nilikuwa nimefanya. Walikuwa na mwili usiojulikana ni wa nani, na mimi nikasema ni wa nani.

Miaka ikapita. Siendi Beni. Nilisema ni kwa sababu ya njia, na njia kweli ni mbaya, watu wanauawa kwenye njia ile. Lakini njia haikuwa sababu. Wengine walikuwa wanaenda na kurudi. Kazini, kabla ya kukata kitambaa, napima mara mbili, na wateja wananicheka: "Mama, ni sare ya mutoto, haiko mavazi ya askofu!" Nami napima tena.

Mwaka jana, karibu na Siku ya Wafu, mama aliniomba niende nipake msalaba rangi. Magoti yake hayamruhusu tena kusafiri. Nikaenda na kopo dogo la rangi nyeupe. Makaburi yalikuwa yamepaliliwa vizuri, na mzee anayeyapalilia alinipeleka mpaka penyewe. Nilipiga magoti nikaanza kupaka. Kisha nikaona kwamba msalaba wa jirani, hatua moja kutoka hapo, ulikuwa na jina lilelile na siku ileile ya kufa. Chini yake paliandikwa: Luofu, jina la kijiji cha kusini ya Lubero, mbali na kwetu.

"Hawa ni ndugu?" mzee akaniuliza.

"Hapana. Wetu ni wa Butembo."

"Ah. Donc ni weye." Aliegemea jembe lake. "Ile siku nilikuwa nachimba. Bale ba Luofu balifika nyuma yenu, njia iliwachelewesha. Bakakuta sanduku yote mbili imeshafungwa, na karatasi ziliharibika na mvua. Baliuliza sana: batu babili, jina moja, wetu ni gani? Bakaambiwa, mutulie, kuna mama wa Butembo amehakikisha mumoja. Alimuangalia sura, ametia sahihi. Basi mwenye anabaki njo wenu."

Brashi ilikuwa imesimama mkononi mwangu. Rangi ilidondoka kwenye sketi.

"Bakakubali?" nikauliza.

"Bangefanya nini? Uliangalia weye, bao hawakuangalia."

Sijui kama kuna kosa lolote. Inawezekana kabisa kwamba mdogo wangu amelala chini ya msalaba niliokuwa napaka. Inawezekana hapana. Lakini mpaka siku ile nilidhani nimedanganya nyumba moja. Nilimaliza kupaka msalaba wetu. Rangi ilibaki, nikapaka na ule wa Luofu, na nilipokuwa nikifanya hivyo nilijiona kama mwizi anayefagia nyumba aliyoiibia.

Nilimkuta mama uani anapukuchua maharage. Niliketi mbele yake, nikachukua maganda machache, nikaanza na mimi. Kisha nikasema.

"Mama, kule Beni sikumuangalia."

"Hukumuangalia aje?"

"Nilifunga macho."

Vidole vyake viliendelea. "Na kovu?"

"Sikuiona."

"Na kama mutu mwenye kulala?"

"Niliitunga hapa, mbele yako."

Nikamweleza habari ya Luofu pia, yote, kama mzee wa makaburi alivyoniambia. Alisikiliza mpaka mwisho. Akamwaga maharage kutoka kwenye kitenge chake ndani ya ungo, akayasawazisha kwa kiganja.

"Nilikataa bandugu yangu bote," alisema, "nikachagua weye."

Siku mbili baadaye alikuja mama mmoja wa jumuiya yetu ya kanisa kumjulia hali. Nilikuwa kwenye mashine, karibu na dirisha. Mama alimkaribisha, akampa kiti, akamwambia: "Ile maneno nilikuambiaka juu ya mutoto yangu, kama alikuwa kama mwenye kulala. Haiko kweli. Huyu binti hakumuona. Alifunga macho." Alisema bila hasira, kama anayerudisha sufuria aliyoazima. Yule mama hakujua atazame wapi. Akatazama mashine yangu. Na mama alifanya hivyo kwa kila mtu, mmoja baada ya mwingine, kwa wote aliokuwa amewaambia ule uongo wangu. Sikutoka chumbani hata mara moja. Nilihisi kwamba kusikia ilikuwa sehemu yangu.

Alipowamaliza, aliniuliza, "Na bale ba Luofu, bao banajua?"

"Hapana."

"Batu ba Luofu bako hapa sasa. Ubatafute."

Ni kweli. Vita vimewaleta Butembo kwa wingi, wale wa kusini ya Lubero. Wanakaa kwa jamaa, makanisani, kwenye vyumba vya shule. Kila Jumapili baada ya misa nilisimama nje na kuuliza: kuna familia ya Luofu iliyozika mvulana wa pili kule Beni, wakati wa Ebola? Nilisema na jina. Wakinisikia walianza kunihesabia wa kwao: wa pili wangu alikufa kwa malaria, wa pili wangu yuko Uganda, wa pili wangu ndiye huyu hapa, unataka akuoe? Watu walicheka. Sikuweza kuwakasirikia.

Jumapili ya tano mwanamke mmoja alinielekeza kwa mzee anayeishi kwenye kilima kinachoelekeana na chetu. Nilimkuta nje, ameketi juu ya gogo, anamenya magome ya mikaratusi kwa panga, miti ya wajenzi. Nilimsalimu, nikabaki nimesimama.

"Papa, ulizikaka kijana kule Beni?"

Panga likasimama. "Wa pili yangu."

"Mulimuona sura?"

"Hapana. Balituambia mwenzake alishahakikishwa."

"Mwenye alihakikisha njo mimi. Na sikuangalia. Nilifunga macho, nikasema njo yeye."

Alitazama nywele zangu, mikono yangu, viatu vyangu, kama mtu anayesoma barua ndefu.

"Sasa ulikuwa unaangalia nini?"

"Mabuti ya yule mutu mwenye nguo nyeupe. Ilikuwa na matope."

"Matope mekundu," alisema. "Sisi pia tulionaka ile mabuti."

Alirudi kwenye kazi yake, akatoa ganda moja refu, akalitupa kando.

"Mama yake alikufa mwaka jana, njiani, tukikimbia. Namushukuru Mungu hakusikia hii."

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa.

"Bado niko na batoto bane," aliendelea. "Mimi sitaweza kubaambia. Utakuja kesho, saa tatu, bote batakuwa hapa. Utasema weye mwenyewe. Na usilie mbele yao. Ukilia, batakuhurumia, kisha hawatasikia vizuri."

"Nitakuja, papa."

"Batakuuliza kama tuchimbue."

"Nitawaambia sijui."

"Ile njo utawaambia," alisema, na safari hii hakuinua macho.

Asubuhi nilipofungua mlango nilimkuta mama uani, amevaa viatu vyake vya misa na kitenge kile cha matanga. Nilimwuliza anaenda wapi na magoti yale.

"Pita mbele," alisema. "Nitakuwa nyuma yako."

Njia ya kilima kile inapanda sana. Tulisimama mara nne ili apumzike, na kila mara tuliposimama aliniuliza nitaanza na maneno gani. Nikamjibu kila mara: nitaanza na kwamba nilifunga macho.